Amana ya Aliyeomba Himaya

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu Waislamu, wengi wadhani ushujaa ni wa kushika upanga tu. Sivyo. Uko ushujaa ulio mzito zaidi, nao ni wa mwenye nyumba kumfungulia mlango mtu anayesakwa, hali naye ana watoto wake ndani.

Natutazame mji mdogo wa Kruja, milimani mwa Albania. Waitaliano waliivamia nchi ile mwaka 1939; na Italia iliposalimu amri, Septemba 1943, yakaingia majeshi ya Ujerumani, yaliyokuwa yakiwasaka Mayahudi na kuwaua. Kijana wa Kiislamu, Refik Veseli, alikuwa mjini Tirana akijifunza kazi ya kupiga picha. Huko alijuana na Moshe Mandil, Myahudi aliyekimbia kutoka Yugoslavia pamoja na mkewe na watoto wawili. Kijana akawaomba wazazi wake, Vesel na Fatima, wawapokee, wakaridhia. Wakasafiri usiku kwa nyumbu, na mchana wakajificha mapangoni. Kruja, wakubwa walifichwa, na watoto wakakaa kama watoto wa Kiislamu, wakichanganyika na wenzao. Ulimi mmoja mlegevu ungetosha kuwaangamiza wote, wageni na wenyeji. Wakasalimika hata nchi ilipokombolewa, Novemba 1944.

Huenda mtu akasema: hiyo ni mila ya Waalbania, waitayo besa, yaani kutimiza ahadi, yatuhusu nini sisi? Twajibu: katika Suratut Tawba, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amemwamrisha Mtume wake ampe himaya hata mshirikina aliyeiomba, kisha amfikishe mahali pa amani. Ikiwa hiyo ni haki ya mshirikina, je, Ahlul Kitabi dhaifu asiye na silaha?

Basi tujihasibu. Jirani akidhulumiwa, sisi huuliza kwanza: ni kabila gani, dini gani, jamaa ya nani? Tukiambiwa si wa kwetu, twafunga madirisha. Wala hapana jeshi mlangoni petu. Tunachokiogopa ni maneno ya barazani tu! Kuogopa si aibu. Aibu ni kuiacha khofu itoe hukumu mahali pa sharia.

Na enyi wazazi, zingatieni: aliyeileta hatari ile nyumbani alikuwa mtoto wao wenyewe, nao hawakumkemea. Mwana hujifunza himaya kwa kuwaona wazee wake wakiitoa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa amana. Amin.