Kristo Si Mgeni Katika Nchi Yetu



Mara nyingi katika mafundisho mtu huuliza: "Yesu Kristo alifika kwetu lini?" Mwingine hujibu upesi: "Alifika pamoja na mapadre." Jibu hilo lina kweli ndani yake, maana Injili ililetwa Bushi na Mapadre Weupe mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli yaweza kumpoteza mtu. Kama Kristo alianza kuwako hapa siku ile, basi yeye ni mgeni. Na mgeni hukaribishwa barazani, haingii vyumba vya ndani.

Imani yatufundisha jambo kubwa zaidi. Mtakatifu Yohane, aanzapo Injili yake, haanzi na hori la Bethlehemu. Arudi nyuma, kabla ya siku ya kwanza ya ulimwengu, na huko amtaja Neno, aliye Mungu, ambaye kwa yeye Baba aliumba kila kitu. Neno huyo ndiye aliyetwaa mwili tumboni mwa Bikira Maria. Kwa ubinadamu wake alizaliwa siku moja. Kwa Umungu wake hana mwanzo.

Padre mmoja wa Aleksandria katika Misri, jina lake Arius, alikana jambo hilo. Alifundisha ya kuwa Mwana ni kiumbe, bora kupita vyote, lakini kiumbe tu. Mwaka 325 maaskofu walikutanika Nisea wakalikataa fundisho lake, wakakiri kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba. Fikirini moto wa jikoni: uwashwapo, hamngoji mwanga wake ufike baadaye. Moto na mwanga huwako pamoja. Hivyo Baba hakuwako kamwe pasipo Mwana.

Basi Ziwa Kivu, mlima Kahuzi, na mto Ruzizi utokao ziwani hapa Bukavu na kushuka hata Tanganyika, vyote ni kazi yake. Wazee wa Bushi waliomtaja Mungu kwa jina la Nyamuzinda walinyeshewa mvua ya Kristo na kula mazao ya Kristo, ingawa hawakulijua jina lake. Mmisionari hakumleta Mwenye shamba. Alikuja kututangazia jina lake.

Je, kama ni hivyo, ubatizo wafaa nini? Wafaa sana. Chungu kikivunjika hakiwezi kujifinyanga chenyewe, wala chungu kingine hakiwezi kukitengeneza. Hapana budi mfinyanzi mwenyewe ashike udongo tena. Sisi tulivunjika kwa dhambi. Kama Kristo angekuwa kiumbe, asingaliweza kutufanya upya. Lakini aliyetuumba ndiye atukomboaye.

Imani hii yatudai matendo. Sisi wa Nguba twaiona Rwanda ng'ambo ya maji. Mpaka uliwekwa na wanadamu. Watu wa pande zote mbili waliumbwa na Neno mmoja. Miaka ya vita imewafundisha wengi kumwogopa wa ng'ambo, hata kumchukia jirani kwa ajili ya kabila lake. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa hakukubali mafundisho hayo. Aliwatetea wakimbizi, aliwatetea na watu wa Bukavu, akauawa katika mji huu tarehe 29 Oktoba 1996. Alijua kwamba amdharauye mtu amdharau Yule aliyemwumba.

Tena, atupaye takataka ziwani, au akataye miti ya mlimani hata udongo ukaporomoka juu ya nyumba za watu, asiseme kwamba hilo ni jambo la dunia lisilohusu dini. Achafua kazi ya mikono ya Bwana wake, na kumdhuru ndugu yake.

Wapenzi, siku mtakapoinama ili mmwagiwe maji ya ubatizo, msidhani kwamba mwajiunga na dini ya kigeni. Mwarudi kwa Mwenyewe. Basi kabla ya Dominika ijayo kila mmoja ajiulize moyoni: yuko nani nimtazamaye kana kwamba Kristo hakumwumba? Akiisha kumjua, aende akamsalimu kwanza.