Asiyependelea si Asiyejali



Waingereza wana neno, disinterested. Waandishi wao waangalifu hulitumia kwa mtu asiye na faida yake mwenyewe katika shauri, ambaye kwa hiyo aweza kuamua kwa haki. Lakini wengi hulitumia kwa mtu asiyejali. Tusiwacheke: nasi twachanganya mambo haya mawili, tena katika matendo.

Mtazameni Pilato. Alijua ya kuwa Yezu hana kosa, hata hivyo alinawa mikono mbele ya watu, kana kwamba yeye hayumo. Je, hakupendelea? La! Alipendelea cheo chake. Mikono yake ililowa maji, wala haikutakata.

Sasa mtazameni kijana wa Goma, Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981. Kazi yake ilikuwa kukagua mizigo ipitayo mpakani. Ulifika mchele ulioharibika, akatolewa fedha ili aupitishe. Akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, naye ana miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri, shahidi wa imani.

Katika mchele ule hakutafuta faida hata ya franka moja. Lakini alijali sana: aliwajali wale ambao wangeupika na kuula, watu asiowajua hata kwa jina. Hiyo ndiyo maana ya kutopendelea: kuondoa faida yangu njiani, ili niione haki ya mwenzangu.

Ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, labda hamtakagua mizigo. Lakini mtaitwa kusuluhisha ugomvi wa shamba, na mmoja wa wagomvi atakuwa ndugu yenu. Mtashika mizani sokoni. Mtapewa kugawa chakula, na wenye njaa watakuwa wengi. Hapo mtajaribiwa mara mbili. Kwanza, kumpendelea aliye wenu. Kisha, mkishinda hilo, kunyamaza na kusema, "Shauri hili si langu." Jaribu hili la pili ni la hatari zaidi, kwa sababu kwa nje lafanana na haki.

Basi kila jioni, kabla ya kulala, mtu ajiulize mbele ya Mungu: Leo nilipokaa kimya, je, nilitenda haki, ama nilinawa mikono?