Je, Tuna Haki ya Kuwachagulia Watoto Ladha?

Katika mafundisho ya ndoa tunazungumza juu ya uaminifu, mahari, pesa na wakwe. Chakula cha watoto tunakiachia akina mama na zahanati. Kisha tunarudi nyumbani, na ugomvi wa jioni hiyo hiyo unahusu sahani ya mtoto wa miaka mitatu aliyekataa managu. Mama anasema hatapewa kitu kingine. Baba anasema, "Mwache mtoto, atayapenda akiwa mkubwa," na kumtuma dadake dukani alete bisikuti.

Tusimcheke baba huyu. Anauliza swali zito kuliko anavyodhani: je, mzazi ana haki ya kumwamulia mtu atakachokipenda, kabla mtu huyo hajafikia umri wa kujiamulia? Mtoto si mali yetu kama mbuzi. Kanisa linafundisha kwamba ni zawadi ya Mungu, naye ana heshima yake. Kumzoeza kupenda hiki na kukiacha kile, si kumpunguzia uhuru?

Sisi Wakatoliki tumekwisha kujibu swali la namna hii mahali pengine. Sheria ya Kanisa inawataka wazazi wahakikishe mtoto wao anabatizwa katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Hatungoji atimize miaka 18 ndipo achague. Wala hatufanyi hivyo kwa kuudharau uhuru wake, bali kwa kujua kwamba uhuru nao hulelewa. Tena ulimi wa mtoto haukai bure ukimngoja akue. Mzazi akijiuzulu, mwenye duka hushika nafasi yake, pamoja na mwenye kiwanda aliyechora katuni kwenye pakiti. Nao hawaulizi kama wana haki.

Mtoto huzaliwa anapenda utamu. Uchungu wa mboga inabidi auzoee. Mazoea hayo huanza mapema kuliko tunavyofikiri, kwa maana ladha ya chakula anachokula mama hupita hata katika maziwa yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aongezewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili na zaidi. Chakula kipya huenda akahitaji kukionja mara nane, mara kumi, au hata zaidi ndipo akikubali. Basi mama aliyejaribu managu mara tatu akakata shauri kwamba "huyu hayapendi" ameacha mapema mno. Lakini kumlisha kwa fimbo pia hakufai. Mtoto aliyechapwa kwa ajili ya mboga hujifunza kuichukia mboga, na pengine kumwogopa aliyemchapa. Weka kidogo kwenye sahani, ule naye, asipotaka nyamaza, kesho weka tena.

Katika katekisimu tunakariri fadhila nne: busara, haki, nguvu na kiasi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alimfuata Aristotle akafundisha kwamba fadhila za namna hii hupatikana kwa kurudia tendo jema mpaka liwe tabia. Fikirini kuhusu mfungo. Sheria ya kufunga humshika Mkatoliki akitimiza miaka 18, na ya kujinyima nyama akitimiza 14. Lakini sheria hiyo hiyo inawaagiza wachungaji na wazazi wawafundishe maana ya toba hata wale ambao umri wao bado. Kijana ambaye hakupata kuambiwa "hapana" mezani tangu utoto, Jumatano ya Majivu atafungaje?

Hapa sasa niwaguse akina baba. Kwa ndugu zetu Waluhya firigisi ya kuku ni ya baba, na sina ugomvi na heshima hiyo. Ugomvi wangu ni pale yai na mnofu vinapokuwa vya baba kila siku, na mtoto, ambaye mwili wake ndio kwanza unajengwa, akapewa mchuzi na ugali. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Kenya watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Umaskini ni sababu kubwa, nami sitamhukumu asiye nacho. Lakini zipo nyumba ambako pesa zipo na mgawanyo ndio mbovu, na hilo ni jambo la haki. Baba huyo huyo Jumamosi anarudi na soda kuonyesha upendo. Chupa moja ya mililita 300 huwa na sukari gramu 30 hivi. Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa hata mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi kwa siku. Pesa hizo, zikijumlishwa kwa mwezi, zingenunua omena na mayai.

Tena wengine wanaona haya kumpa mgeni kunde au mrenda, eti ni chakula cha maskini. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vyetu vya asili kuwa mfano mwema kwa mataifa mengine. Mtoto akikuona unaona haya, atajifunza haya hiyo kabla ya kuonja.

Bwana wetu aliuliza, katika Mathayo sura ya 7, ni baba gani angempa jiwe mtoto aliyeomba mkate. Siku hizi mtoto mwenyewe ndiye huomba jiwe, tena kwa kilio, na kazi ya kumnyima huachiwa mmoja tu, mara nyingi mama, hata akaonekana mkali asiyependa watoto. Patanani mkiwa chumbani, si mbele ya watoto, mtakachokubali na mtakachokataa. Na ikiwa ni nyanya anayewapa peremende kila wakimtembelea, basi aliyezaliwa naye ndiye azungumze naye, kwa upole na kwa heshima. Mke asitumwe kumkanya mama mkwe kwa ajili ya peremende.