Sadaka Isiyodumu



Yatupasa tuitazame kambi ya Ifo, iliyoko Dadaab katika Garissa, tupate kuzingatia. Ilifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita vya Somalia. Ifo pamoja na Dagahaley na Hagadera zilikusudiwa watu 90,000 kwa muda mchache. Katika ukame wa mwaka 2011 watu walizidi 400,000. Na leo wako waliozaliwa humo ambao wao wenyewe wamekwisha kuwa wazazi.

Hatuwadharau waliosaidia, lau si wao, wengi wangalikufa kwa njaa na kiu. Lakini twauliza: kwa nini msaada wa miaka yote hiyo haujawafikisha watu hao kwenye kujitegemea?

Sababu ya kwanza, chakula chao chategemea ahadi za mataifa ya mbali, mwaka hata mwaka. Mwezi wa Novemba 2014 Mpango wa Chakula Duniani ulipungukiwa na fedha, na posho ikakatwa nusu.

Ya pili, mpokeaji hakupewa njia ya kuchuma. Kwa miaka mingi mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini ila kwa kibali, na hata mwenye ujuzi akafanywa mtu wa kungoja.

Ya tatu, msaada hutolewa bila ya kuuliza haja. Nafaka iligawiwa, na kuni za kuipikia hazikuwapo. Wanawake wakaenda maporini kuzitafuta, na huko wakashambuliwa. Hata kuni zilipoanza kugawiwa mwaka 1998, zilitosheleza sehemu tu ya haja.

Nasi watu wa pwani tusijione tumesalimika. Wangapi miongoni mwetu huchanga katika Ramadhani, kisha Shawwal hawaulizi mwalimu wa chuo analipwa na nani? Jumuiya ngapi mtunza hazina wake hajasoma hesabu mbele ya watu hata siku moja, zikafa pamoja na mwenyekiti wao?

Dini yetu imekwisha tupa dawa. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aizuie asili yake, isiuzwe wala isirithiwe, na mazao yake yatolewe sadaka. Huo ndio wakfu, na kwa wakfu misikiti mingi ya Mombasa na Lamu imetunzwa baada ya watoaji kufa.

Basi atakaye kumsaidia mtoto wa Ifo, na ashirikiane na wenziwe wanunue duka Garissa, kodi yake imlipe mwalimu. Katika kamati wawemo wazazi wa watoto hao, na hesabu zisomwe msikitini kila mwaka baada ya sala ya Ijumaa. Tusipofanya hivyo, tutaulizwa Siku ya Kiyama juu ya amana hii, sisi tulioijua njia tukaiacha.

Wabillahi tawfiq.