Nguruwe Aendealo

Wahenga wa pwani wamesema: nguruwe aendealo ndilo atendalo. Methali hii hutumiwa aghalabu kwa mtu mkaidi, asiyezuilika akishaazimu jambo. Lakini ikirudishwa shambani huwa hoja nzito ya maadili. Mnyama huyu akilielekea konde la mahindi hulivamia, na baina ya nia yake na tendo lake hapana mwanya wa kujiuliza. Mwanya huo amepewa binadamu, na kwa sababu hiyo binadamu ndiye apaswaye kuulizwa. Swali lenyewe ni hili: mkulima amwuapo nguruwe mwitu ili aokoe chakula chake, huwa anatoa adhabu, analipa kisasi, au anatenda la dharura?

Mahali pafaapo kuliuliza swali hili ni Matai, katika uwanda wa Ufipa. Matai ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, iliyomegwa kutoka Sumbawanga mwaka 2012, nayo iko njiani mwa msafiri aiendeaye bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika. Uwanda huo ni wa juu, wenye baridi, miti yake haba na majani yake mengi. Tangu zamani Wafipa wameulima kwa matuta ya mviringo, wakiyafukia majani ndani ya udongo ili yaoze na kuurutubisha. Siku hizi hulimwa humo mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti. Mvua zake ni za msimu mmoja, zikianza Novemba na kwisha Aprili. Mkulima wa visiwani akikosa katika masika, huitumainia vuli. Wa Matai akipoteza shamba lake mwezi Machi, hana vuli ya kuingoja.

Nguruwe mwitu, asiyepasa kuchanganywa na ngiri wa mchana mwenye pembe zilizopinda, ni mnyama wa usiku. Mchana hulala vichakani na katika mabonde yenye kivuli. Giza likiingia hutoka na jamaa zake, dume, majike na watoto, wakafukua kwa pua mizizi, viazi na mbegu zilizopandwa jana. Mahindi yakianza kubeba, huyaangusha mabua ili wayafikie magunzi, na aghalabu hukanyaga zaidi ya wanavyokula. Tukitazama kwa insafu, dume hulinda watoto wake kwa ushujaa ambao ungesifiwa lau ungalikuwa wa mtu.

Tuseme basi yuko mjane mwenye ekari mbili na watoto watatu. Mahindi yake yamekomaa nusu. Amejenga dungu pembeni mwa shamba, na usiku hupanda na mwanawe mkubwa, wakawasha moto, wakapiga debe na kupaza sauti. Wiki ya kwanza wanyama huogopa. Wiki ya tatu wamekwisha kujua kuwa debe haling'ati. Mtoto husinzia shuleni, au haendi kabisa. Usiku mmoja mama huzidiwa na usingizi, na asubuhi hukuta robo ya shamba imelazwa chini. Akitega mtego usiku unaofuata, nani atamnyoshea kidole?

Katika karne ya 10, wanafalsafa wa Basra walioitwa Ikhwan as-Safa waliandika risala ambamo wanyama wanawashitaki binadamu mbele ya mfalme wa majini. Mahakama yenyewe iko kisiwani, jambo litakalowapendeza wasomaji wa visiwani. Wanadamu hudai kuwa wao ni mabwana na wanyama ni watumwa wao. Hutaja umbo lao, akili zao, miji na vyakula vyao. Kila hoja hujibiwa na kuangushwa. Hatimaye hushinda kwa jambo moja tu, kwamba wao wameahidiwa uhai wa baada ya kifo, na miongoni mwao wamo manabii na mawalii. Msomaji makini hataifurahia sana hukumu hiyo, kwani mwenye kuahidiwa Akhera ndiye mwenye kuahidiwa hesabu. Ubwana uliopatikana kwa njia hiyo una mizani juu yake.

Kwa mizani hiyo, adhabu haina mahali katika konde la Matai. Adhabu humstahili aliyejua mpaka akauvuka. Nguruwe hajui hati ya shamba wala haoni tofauti ya kiazi cha mwitu na kiazi cha mjane. Kisasi nacho ni upotovu zaidi, maana humgeuza mnyama kuwa adui mwenye nia, kisha kikampa mtu kibali cha kumtesa kwa nia hiyo ya kubuni. Inayobaki ni dharura. Nayo, kama wasemavyo wanazuoni wa sheria, hukadiriwa kwa kadiri yake: mwenye kuhofia kufa kwa njaa huruhusiwa kilichokatazwa, lakini haruhusiwi kuipita haja yake.

Wako watakaopinga kwamba maneno haya ni anasa ya mtu aliyeshiba. Mwenye njaa hana wasaa wa kupima kadiri. Pingamizi hili lina uzito, na halifai kupuuzwa. Lakini mkulima mwenyewe hupima kila siku: hupima mbegu, hupima mvua, hupima chakula cha watoto hata mavuno. Anachokosa ni njia za kuchagua. Gobori linataka kibali na baruti. Mkuki na mbwa vinataka wanaume wengi na siku nzima. Rima linataka nguvu za kuchimba, na kesho yake anaweza kutumbukia ndama wa jirani. Tanzi la waya ni rahisi kuliko vyote, lakini halichagui mguu. Humkamata paa na mbwa sawasawa na nguruwe, nalo huweza kumshika mnyama siku mbili kabla hajafa. Sumu ni mbaya kuliko tanzi, kwa kuwa haimwishii aliyeila. Fisi, tai na mbwa waula mzoga huo, nao wakafa. Dharura iliyowaua wasiokuwamo katika ugomvi imekwisha kuvuka kadiri yake. Hata hivyo, anayemlaumu mjane kwa waya wake bila ya kumwuliza waliko wenzake wa kumsaidia, huwa amemlaumu aliye karibu na kuwaacha walio mbali.

Historia ya pwani yenyewe yathibitisha jambo hili. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu Uzaramo na kuzuka kwa Vita vya Maji Maji mwaka 1905, aliweka njaa na nguruwe mwitu katika kiini cha mambo. Serikali ya Wadachi ilikuwa imeubana uwindaji, na wanaume walivutwa kwenda kufanya kazi mbali na makwao. Usasi wa nyavu, uliokuwa kazi ya kijiji kizima, ukadhoofika. Mashamba wakaachiwa wanawake, na nguruwe wakaingia. Wanyama walikuwa wale wale, na tamaa yao ile ile. Kilichobadilika ni mpango wa watu. Kwa hiyo pale nguruwe wanapozidi, yafaa kuuliza kwanza ni ushirika gani wa binadamu uliovunjika.

Unguja nayo ina somo lake. Katika miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi, chui wa kisiwa hicho walisakwa kwa bidii katika kampeni iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, kwa kuwa watu waliamini kuwa chui wengine walifugwa na wachawi. Leo wataalamu wengi wamhesabu chui huyo kuwa ametoweka. Miongoni mwa mawindo yake alikuwamo nguruwe mwitu. Sumbawanga, ambalo jina lake hufasiriwa na wenyeji kuwa ni wito wa kuutupa uchawi, ingeweza kuielewa hofu ile vizuri. Lakini hofu ikishamwondoa mwindaji wa porini, binadamu hurithi kazi yake pamoja na lawama zake. Chui aliwinda bila ya malipo, wala hakudai kibali.

Hapa wapo wasomaji watakaosema kuwa nguruwe ni haramu, na kufa kwake si msiba. Lakini katazo la kula halikuwa kamwe idhini ya kutesa. Kinyume chake, limempunguzia Mwislamu visingizio: asiyekula nyama hiyo hana sababu ya kumwua mnyama ila kinga ya shamba, na kinga ikipatikana kwa ukuta au kwa moto, sababu imekwisha. Katika Ufipa, ambako Wakristo Wakatoliki ni wengi, nyama hiyo huliwa, na hilo lina fadhila yake, kwani kilichouawa hakipotei bure. Lina mtihani wake pia. Ulinzi wa shamba huweza kugeuka biashara polepole, na msasi akaanza kuwatafuta nguruwe msituni mbali na konde lolote, huku akilitaja jina la mjane. Aidha nguruwe mwitu huweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe, maradhi yaliyoelezwa na Montgomery nchini Kenya mwaka 1921, bila ya yeye mwenyewe kuugua. Nyama yake ikiletwa kijijini, nguruwe wa kufugwa huweza kuteketea zizi zima. Waliomwua mwizi wa mahindi huweza kujiibia mifugo.

Roy Willis, katika kitabu chake Man and Beast cha mwaka 1974, aliwalinganisha Wanuer na ng'ombe wao, Walele wa Kongo na kakakuona wao, na Wafipa na chatu wao. Kila taifa lilikuwa na mnyama wa kulifikirisha. Inafaa kukumbukwa kwamba Wafipa, wakulima hodari wanaopambana na pori kila msimu, walimheshimu kiumbe atokaye humo humo porini. Nguruwe hakubahatika kupata heshima hiyo popote katika matatu hayo. Labda hapo ndipo maadili yanapojaribiwa kwa haki, kwani kumwonea huruma kiumbe mtukufu au mzuri hakumgharimu mtu kitu.

Inabaki hesabu ya walio mbali. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wa Tanzania Bara ni mali ya umma. Sheria hiyo imeweka pia malipo kwa walioumizwa au kuharibiwa mazao na wanyama hatari, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2011. Watu huyaita malipo hayo kifuta jasho na kifuta machozi. Majina haya ni ya kweli kuliko yanavyodhaniwa. Kitambaa hufuta jasho lililokwisha kutoka. Hakilirejeshi shamba, wala usingizi wa mtoto. Sheria yenyewe haikuyaita fidia. Nchi imekiri kuwa mnyama ni wake, lakini usiku wa kumlinda imemwachia mwenye ekari mbili.

Na mahindi hayo si ya mjane peke yake. Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ni miongoni mwa mikoa iliyoilisha nchi kwa muda mrefu. Unga husafiri, mlaji wa mjini hununua mfuko bila ya kuuliza ulikesha na nani. Mlaji huyo akisikia kuwa wanyama wanauawa kwa waya huko mbali, huhuzunika, na huzuni yake ni njema. Lakini huzuni isiyolipia hata kipande cha ua, wala mshahara wa askari mmoja wa wanyamapori wa kuitwa usiku, ni huzuni inayokula mezani kwa mjane.

Kwa hiyo jibu la swali lina sehemu mbili. Mjane wa Matai anayo ruhusa ya kuua, maadamu ameshindwa na moto, debe na ukuta, na maadamu hatesi kwa kusudi wala haui zaidi ya haja. Ruhusa hiyo, hata hivyo, haiwatakasi wengine. Kila njia bora aliyonyimwa, ya ua, ya bunduki ya askari au ya jirani wa kupokezana zamu naye dunguni, ni deni juu ya aliyeweza kuitoa asiitoe. Nguruwe aendealo ndilo atendalo, naye hana la kujibu. Mjane atajibu kwa waya wake. Waliokula mahindi yake nao wana usiku wao wa kuulizwa.