Makhawariji wa Zama Zetu: Je, Nguvu za Jeshi Zatosha Kuwamaliza?

  

Ndugu zetu Waislamu wa Kiandutu, na wa Thika na Ruiru kwa jumla! Katika darsa zetu limeulizwa swali moja mara nyingi, na wenye kuliuliza ni watu wa namna mbili. Wa kwanza wasema: Serikali ina jeshi, ina ndege na vifaru, na ina marafiki wakubwa kama Marekani, kwa nini basi haijawamaliza al-Shabaab tukapumzika? Wa pili hawaulizi kwa sauti kubwa. Wao hunong'ona kwamba afadhali Serikali ishindwe, kwa kuwa imetudhulumu. Twataka kuwajibu wote, na jawabu letu pengine halitawapendeza hawa wala wale.

Tuanze na hawa wa pili, maana ugonjwa wao umo nyumbani mwetu. Mwenyezi Mungu amebainisha katika Sura ya Al-Maida, aya ya 32, kwamba mwenye kuua nafsi moja pasipo haki ni kama aliyewaua watu wote. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa, wanafunzi wakatengwa kwa dini zao, na ilipoingia usiku walikuwa wamekwisha kuuawa watu 148. Barabara ya Garissa yaanzia hapa hapa Thika, ndugu; mabasi yake twayaona kila siku. Watoto wale walimdhulumu nani? Mwislamu mwenye kulifurahia jambo lile, au kulinyamazia kwa kuwa polisi alimpiga kofi jana, na aitazame upya imani yake. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 8, tumekatazwa tusiiache chuki yetu kwa watu ikatutoa katika uadilifu. Basi aliyedhulumiwa na askari hana deni kwa mwanafunzi, wala kwa abiria wa basi, wala kwa muuza duka wa Westgate. Hayo hayana mjadala, na wala hatutayarudia.

Sasa twende kwa wale wa kwanza, wenye kuitumainia mizinga. Kwao tunayo kisa ambayo kila mwanafunzi wa tarehe ya Kiislamu yampasa kuijua. Makhawariji walipojitenga na Sayyidna Ali (r.a.) wakapiga kambi Harura, yeye alikuwa khalifa mwenye jeshi kubwa, na angeweza kuwavamia siku ile ile. Hakufanya hivyo. Aliwaambia kwamba hatawazuia misikiti, wala hatawanyima haki yao katika mali ya Waislamu, wala hataanza yeye kuwapiga maadamu hawajamwaga damu. Kisha akamruhusu Ibn Abbas aende kusema nao. Ibn Abbas akavaa nguo nzuri ya Yemen, nao wakamlaumu kwa uzuri wa nguo (tazama ugonjwa wa watu hawa, tangu zamani waona haramu pasipo na haramu!), akawajibu, kisha akawauliza mna kisa gani na Ali. Wakataja mambo matatu. Akawajibu moja moja kwa Qur'ani ile ile waliyokuwa wakiisoma usiku kucha bila ya kuifahamu. Walisema kumfanya mtu kuwa mwamuzi ni kufuru; akawaonyesha kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe ameamrisha waamuzi baina ya mume na mke wakigombana. Riwaya moja yasema walikuwa elfu sita, na elfu mbili wakarejea.

Elfu mbili kwa mazungumzo ya siku moja, bila ya upanga kutoka alani!

Waliobaki wakaendelea mpaka wakamuua Abdallah bin Khabbab, mwana wa sahaba, pamoja na mkewe aliyekuwa mja mzito. Hapo Sayyidna Ali aliwapiga vita, na alikuwa na haki. Mwaka 38 Hijria, nao ni 658 Miladia, aliwashinda katika Nahrawan ushindi ambao hakuna jemadari wa leo aliyewahi kuupata mfano wake: waliookoka walikuwa wachache mno. Watu wakamwambia, Ewe Amiri wa Waumini, wamekwisha. Akakataa, akawaambia kwamba wangaliko migongoni mwa wanaume na matumboni mwa wanawake. Haikupita miaka mitatu, Abdurrahman bin Muljam, Mkhawariji mwenye kisasi cha Nahrawan kifuani, alimpiga kwa upanga wenye sumu katika msikiti wa Kufa, akafa shahidi mwaka 40 Hijria.

Basi twasema hivi. Nguvu ni halali dhidi ya mwenye kumwaga damu, na yeyote asemaye kwamba Uislamu wakataza Serikali kuwalinda raia wake kwa silaha, huyo hajui asemalo. Lakini nguvu huondoa watu walioko uwanjani, na haifikii kule wanakozaliwa wengine. Na ikitumika ovyo, yenyewe huwa ndiyo mzazi wao.

Tazameni Somalia. Mwezi wa Desemba 2006 majeshi ya Ethiopia yaliingia na kuuvunja utawala wa Mahakama za Kiislamu katika siku chache tu. Wakati ule al-Shabaab walikuwa kikundi kidogo ndani ya Mahakama hizo. Wazee wenye busara wakatawanyika, wakabaki vijana wenye bunduki, wakapata hoja ambayo hawakuwa nayo kabla: mgeni yumo nchini. Ethiopia ilipoondoka Januari 2009, wale wadogo walikuwa wameikamata sehemu kubwa ya kusini. Jeshi la Umoja wa Afrika likapigana nao, na Agosti 2011 wakatolewa Mogadishu. Oktoba mwaka huo jeshi letu la Kenya likavuka mpaka katika vita vilivyoitwa Linda Nchi, na mwaka uliofuata Kismayu ikachukuliwa. Hayo ni mafanikio na hatuyakanushi. Bandari ile ilikuwa mfuko wao wa fedha. Tarehe 1 Septemba 2014 ndege za Marekani zikamuua mkubwa wao, Ahmed Abdi Godane. Watu wakasema, sasa kichwa cha nyoka kimekatwa. Miezi saba baadaye ikawa Garissa. Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu ikavamiwa El Adde. Oktoba 2017 lori la mabomu likaua watu zaidi ya 500 Mogadishu kwa siku moja. Januari 2019 ikawa DusitD2, Nairobi, watu 21. Je, hao ni watu waliokwisha?

Wala si Somalia peke yake. Marekani ilikaa Afghanistan kwa karibu miaka ishirini, nayo ni dola yenye nguvu kupita zote duniani, na tarehe 15 Agosti 2021 Taliban wakaingia Kabul tena. Tutaambiwa: na Sri Lanka je? Kweli, Mei 2009 jeshi la Sri Lanka liliwamaliza Matiger wa Kitamil kwa nguvu tupu. Lakini wale walikuwa wameshika ardhi kama dola, wakazingirwa pahali pamoja. Na wajumbe waliowekwa na Umoja wa Mataifa walisema kwamba raia waliouawa katika miezi ya mwisho huenda walifika 40,000. Mwenye kutaka ushindi wa namna hiyo aseme wazi ni mitaa ipi yetu angependa ifanywe hivyo. Wanachuoni wa taasisi ya Kimarekani iitwayo RAND, ambayo haina sifa ya kuyachukia majeshi, walivichunguza mwaka 2008 vikundi vya namna hii vya tangu 1968 mpaka 2006. Katika vile vilivyokwisha, asilimia 7 tu vilimalizwa na jeshi. Asilimia 43 viliingia katika siasa, na asilimia 40 vilimalizwa na polisi na wenye kupeleleza habari.

Hilo la polisi na habari ndilo twalotaka mlitie akilini, kwani ndilo letu.

Habari hutoka wapi? Hutoka kwa mama aliyeona mwanawe amebadilika. Hutoka kwa jirani, kwa imamu, kwa mwalimu wa madrasa. Mmoja katika waliofanya mauaji ya Garissa alikuwa kijana aliyesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera; na baba yake alikuwa amekwisha kuiarifu Serikali kwamba kijana amepotea. Basi tuulize: ni wazazi wangapi wasio machifu watakaothubutu kwenda kituoni? Mjane wa Kiandutu, anayeokota kibarua cha kufua nguo au cha mashamba ya mananasi, aonapo mwanawe hakurudi na simu imezimwa, huwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtoto amekwenda Somalia. Ya pili ni kwamba akilisema hilo, mtoto atapatikana maiti porini, au yeye mwenyewe atalazwa ndani. Hofu hii ya pili si ya kuzua. Mwezi wa Aprili 2014, baada ya mabomu ya Eastleigh, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, wakafungiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, na wengi wakaachiliwa bila ya mashitaka. Je, mabomu yalikoma? Tarehe 4 Mei mwaka ule ule mabasi mawili yaliripuliwa katika Barabara ya Thika, njia yetu ya kila siku. Na Juni ikawa Mpeketoni. Mombasa, Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa risasi Agosti 2012, na kanda zake zikaendelea kusikilizwa baada ya kifo chake. Sisi tulikuwa hatukubaliani na mafundisho yake hata kidogo, lakini mtu huyu alistahili kushindwa kwa hoja na kuhukumiwa na kadhi wa mahakama ya nchi. Aliyemuua alimpa alichokuwa hana, nacho ni jina la shahidi vinywani mwa vijana.

Na wazee wa hapa Kiambu wanayo kumbukumbu yao wenyewe. Wakoloni walipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, waliwaita watu wa Mau Mau magaidi. Hatuwafananishi waliopigania ardhi yao na hawa wauaji wa wanafunzi; twazungumzia nguvu na matunda yake. Watu wapatao milioni moja walihamishwa kwa lazima wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na waliotiwa kitanzi walizidi elfu moja. Mwisho wa 1956 msitu ulikuwa kimya, Mwingereza amekwisha kushinda. Desemba 1963 akashusha bendera. Nyanya zetu waliochimba mahandaki yale hawakusahau, na mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilikuwa ikiwalipa fidia waathiriwa 5,228. La kusikitisha ni kwamba sisi tuliojitawala tuliichukua dawa ile ile tukawanywesha Wasomali wa Kaskazini Mashariki katika vita vya Shifta, vijiji vya lazima na yote, kisha tukawatia Wagalla, Wajir, Februari 1984. Na vita vya Shifta vyenyewe havikumalizwa na vijiji vile. Vilimalizwa kwa mapatano ya Arusha, Oktoba 1967, Rais Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi.

Tunaitaka basi Serikali iwakamate wenye makosa kwa ushahidi, na imlinde mzazi mwenye kuleta habari. Lakini, ndugu, kuilaumu Serikali ni kazi nyepesi, na sisi tumeizoea mno. Ibn Abbas wetu yuko wapi? Ali Salim Gichunge, aliyeongoza mauaji ya DusitD2, alikuwa mwana wa mwanajeshi, naye alikodi nyumba Muchatha, katika kaunti hii hii yetu. Elgiva Bwire, aliyehukumiwa kifungo cha maisha Oktoba 2011 kwa ajili ya magruneti ya Nairobi, alikuwa kijana aliyesilimu. Hapa Kiandutu, ambapo jina lenyewe kwa Kikikuyu ni mahali pa funza, wanasilimu vijana kila mwaka. Tunawapa kofia na jina jipya, tunapiga takbiri, kisha twawaacha. Hawana kazi, wametengwa na jamaa zao, na hawajui hata sharti za udhu. Akija mtu mmoja mwenye fedha kidogo na aya tatu alizozikata mwanzo na mwisho, ni nani atakayemjibu? Maimamu wengine wakiulizwa habari ya jihadi humfukuza muulizaji kwa hofu ya wapelelezi. Naye huenda kwa yule asiyeogopa kumjibu!

Tazameni na mfano mmoja wa waliojibu. Tarehe 21 Desemba 2015, huko Mandera, watu wa bunduki walilisimamisha basi wakawaamrisha Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake wakawavisha wenzao Wakristo mitandio yao, na wakawaambia wale wauaji: tuueni sote au mtuache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, naye akafa kwa jeraha lile mwezi uliofuata. Mwenyezi Mungu amrehemu. Wauaji wakaondoka. Hapakuwa na kifaru hata kimoja.

Kuanzia Alhamisi ijayo, inshallah, darsa ya baada ya Magharibi itasoma kisa cha Ibn Abbas na watu wa Harura, hoja zao tatu na majibu yake, aya kwa aya. Vijana waje na maswali yao yote, hata yale waliyofukuzwa kwayo pengine, na hapana atakayeulizwa ameyatoa wapi. Akina mama wametengewa chumba cha nyuma, na mwenye neno la siri kuhusu mwanawe atapata wazee wawili wa kumsikiliza, na wa kufuatana naye kituoni ikihitajika, pamoja na wakili.