Aliyeshika ufunguo naye afungiwe

Miaka michache iliyopita akina mama wauza dagaa wa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, waliniomba niwatengenezee tovuti ya chama chao cha kuweka na kukopa. Daftari lao lilikuwa limelowa na kuchanika, na kila mkutano ulikuwa mabishano. Kazi niliifanya kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, nikaimaliza upesi. Leo nakiri kwamba niliimaliza upesi mno.

Majina, namba za simu, madeni na hata maneno ya siri, vyote niliviweka wazi kama vilivyoandikwa. Usiku mmoja, nikitafuta kosa la hesabu, nikaliona deni la jirani yangu. Sikuwa nimelitafuta. Lakini kesho yake alipenisalimu sokoni Ujiji, nilishindwa kumtazama kama nilivyomtazama juzi. Hivi nilikuwa nimemwibia kitu, au sikumwibia?

Wapo watakaosema: hukumsimulia mtu, hukuchukua senti, kosa liko wapi? Nami nilijiliwaza hivyo kwa siku kadhaa. Lakini Surat Nuur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba za watu mpaka tubishe hodi na kuruhusiwa. Haikungoja kwanza mtu aibe ndani ndipo iseme amekosa. Basi nikamwendea jirani nikamweleza. Alikaa kimya, kisha akaniuliza: “Na ya wenzangu je, mwanangu, nani mwingine anayaona?” Sikuwa na jibu.

Mji wetu wa Ujiji una somo la zamani juu ya jambo hili. Mwaka 1871 David Livingstone alirejea hapa kutoka Manyema akiwa hoi, akitegemea bidhaa alizotumiwa kutoka pwani. Akakuta mtu aliyekabidhiwa, aitwaye Sherifu, ameshaziuza zote. Kwa maelezo ya Livingstone mwenyewe, mtu huyo alidai kuwa amepiga ramli kwa Qur’an na kuona mwenye mali amekufa! Hapo hapo Ujiji, Mwarabu mmoja, Syed bin Majid, alijitolea kuuza pembe zake za ndovu ili ampe mgeni huyo bidhaa. Mji mmoja, dini moja, lakini watu wawili tofauti kabisa mbele ya mali ya mtu. Mwenye mali akiwa mbali, hujui umemkabidhi yupi kati ya hao wawili mpaka siku unaporudi.

Nikarudi kwenye kazi. Nilitumia Django, ambayo hulipitisha neno la siri katika mahesabu yanayorudiwa maelfu kwa maelfu ya mara, likiwa limechanganywa na herufi za kubahatisha. Kinachohifadhiwa hakiwezi kurudishwa kuwa neno la awali. Mtu akiingia, analoandika hupitishwa njia ile ile, na matokeo ndiyo yanayolinganishwa. Namba za simu na madeni niliyafumba kwa ufunguo maalumu unaowekwa mbali na yale yaliyofumbwa, ili mwizi wa ghala asiupate humo humo. Kila mmoja akapewa mlango wake: mwanachama aone yake, mweka hazina aone hesabu.

Katibu wa chama hakufurahi. “Sisi ni Waislamu, tunaaminiana. Makufuli yote haya ya nini?” Siku nyingine mama mmoja alisahau neno lake la siri, katibu akaniambia nimtajie. Nikamjibu kuwa hata mimi silijui, nitaweza tu kumwezesha mama aweke jipya. “Umeitengeneza mwenyewe, unashindwaje kujua?” Akadhani namficha.

Ndugu msomaji, hoja ya kuaminiana ni nzito, lakini tuitazame vizuri. Aya ya 282 ya Surat Baqara inawaamrisha walioamini waandike madeni yao na waweke mashahidi. Walioamrishwa si wezi. Maandishi yale huwalinda wote wawili: mkopeshaji asidhulumiwe, na mkopaji asisingiziwe. Kufuli la mashine ni hivyo hivyo. Linamlinda mama wa Kibirizi dhidi yangu, na mimi dhidi ya nafsi yangu usiku nikiwa peke yangu.

Serikali nayo imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ni jambo jema. Lakini sheria huja mara nyingi baada ya siri kumwagika, na siri iliyomwagika haizoleki.

Sitaki kumdanganya mtu. Ufunguo ule wa kufumbulia lazima awepo wa kuushika, na kwa sasa ni mimi. Hakuna programu inayomfanya mhaini kuwa mwaminifu. Nilichoweza ni kuweka kumbukumbu ya kila anayeingia, mimi nikiwemo, na mweka hazina huisoma kila mwezi mbele ya wenzake. Mara ya kwanza jina langu liliposomwa niliona vibaya. Sasa nalisubiri lisomwe.

Wewe unayeshika daftari la msikiti, la zahanati au la shule, jiulize: jina lako linasomwa na nani?

Wallahu a’lam.